Drafti: Kwa nini kingi moja huzisumbua kingi tatu

Mchezo ulianza vizuri. Kete 12 kwa 12, vizibo vya soda vimepangwa, watazamaji wamezunguka ubao. Dakika kumi baadaye mmoja ana kingi tatu, mwenzake kabaki na moja. Kila mtu anajua nani kazidiwa, lakini mchezo hauishi. Kingi inapanda, inashuka, inapanda tena. Wenye kusubiri zamu wanaanza kununa.

Kwenye vijiwe vya Ushirombo, mji wa wilaya ya Bukombe ambako malori ya Rwanda na Burundi hupita yakitokea Kahama, hali hii si ngeni. Bodaboda anayesubiri abiria au mchimbaji aliyetoka duarani hana muda wa kutazama kingi ikizunguka nusu saa. Na kama kuna soda au buku mbili imewekwa, ndipo maneno yanapoanza: huyu anasema kashinda, yule anasema sare.

Nani mkweli? Inategemea kingi iliyobaki imesimama wapi.

Ubao una mstari mmoja mrefu, ule wa kona hadi kona wenye nyumba nane. Kwa kuwa kingi ya drafti yetu huruka mbali, iliyoshika mstari huo inaona ubao mzima toka pembe hadi pembe. Nyumba za kona zenyewe zina njia moja tu ya kuingilia, nayo ni mstari huohuo. Ukitaka kuingia umkabili, unajiweka mdomoni mwake, na kula ni lazima. Unabaki na mbili. Ndiyo maana hata fundi mwenye kingi tatu hawezi kumtoa hapo mtu anayejua anachofanya. Hiyo ni sare, hata mkicheza mpaka adhana ya alfajiri.

Kingi ikiwa nje ya mstari mrefu, habari inageuka. Mwaka 1827 Mrusi Alexander Petrov alichapisha kitabu cha drafti ya kwao, ambayo ni ndugu wa karibu wa hii yetu: nyumba 64, kete 12 kila upande, kingi za kuruka. Jina lake limebaki kwenye mbinu ya pembetatu. Unaushika mstari mrefu wewe kwanza, unazipanga kingi zako tatu kwa umbo la pembetatu, unambana, halafu unamlisha. Ndiyo, unatoa kingi yako mwenyewe, hata mbili, ili akila atue pale unapomsubiri. Wengi wanakwama hapa kwa sababu ya uchoyo. Wanamfukuza huku wakiogopa kupoteza hata moja, na kwa kufukuza tu hakamatiki.

Kwenye drafti ya Kirusi mwenye kingi tatu hupewa hatua 15. Zikiisha bila kumla mwenzake, sare. Drafti ya kimataifa ya nyumba 100 na chesi nazo zina dawa yake: ubao ukirudia sura ileile mara tatu, sare. Vijiwe vingi havina kanuni iliyoandikwa, kwa hiyo anayeamua mara nyingi ni mwenye sauti kubwa.

Tatizo hili haliko kwenye drafti peke yake. Huko Marekani, mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao wachezaji huigiza mashujaa na kupigana na mazimwi kwa kurusha dadu. Kila mpiganaji ana alama za uhai. Unarusha dadu ya pande 20, ukimpata adui unampunguzia alama, kisha zamu inahama. Kasoro yake inafanana na ya kingi: adui aliyebakiwa na alama moja anapigana sawasawa na mwenye alama zote, kwa hiyo matokeo yanaweza kujulikana mapema huku dadu zikiendelea kurushwa tu, zamu baada ya zamu. Toleo la mwaka 1981 la mchezo huo lilikuwa na kanuni ya kupima moyo wa adui. Akianza kuzidiwa, mwendesha mchezo hurusha dadu mbili kuona kama atabaki vitani au atatimua mbio. Kwa njia hiyo pambano linaweza kukatika kabla halijachosha.

Kijiweni halihitajiki jambo kubwa hivyo. Kabla ya kupanga vizibo, kubalianeni idadi: zikibaki tatu kwa moja, hatua 15, na mtazamaji mmoja asiye na hela yake pale ahesabu kwa sauti. Aliyeshika mstari mrefu ajue sare yake iko salama akitulia. Mwenye tatu ajue ana hatua 15 tu za kumlisha mwenzake, na zikiisha apishe anayesubiri zamu.