Dawa ya Huzuni Iliyogeuka Kuwa Dawa ya Tumbako

Jioni moja ya majira ya mvua mwalimu mwenzetu alikuja kwetu na kisanduku kidogo cha karatasi ngumu mfukoni. Mdogo wake akaaye Ubelgiji alikuwa amempelekea katika mzigo wa nguo za watoto. Ndani yake mlikuwa na vidonge vyeupe, masalio ya vile ambavyo mganga wa huko alimwandikia huyo mdogo alipotaka kuacha tumbako. Mwenzetu alikuwa akivuta paketi moja kila siku, na huu ulikuwa mwaka wa 14. Mkewe hakupata usingizi kwa sababu ya kikohozi chake; mtoto wake wa pili ana pumu. Safari hii alikuwa amekata shauri.

«Bwana Mwalimu,» akasema, «wewe wakielewa Kifaransa cha waganga kuliko mimi. Nisomee karatasi hii, nami kesho asubuhi nianze.»

Umeme ulikuwa umekatika, basi tukawasha taa, tukaikunjua ile karatasi. Ilikuwa ndefu kama kitambaa cha meza, na maandishi yake madogo kama mayai ya sisimizi. Twakiri kwamba karatasi za namna hii hatukuzoea kuzisoma. Watu wengi huzitupa pamoja na kisanduku, au huwapa watoto wazichezee. Usiku ule tulijifunza jinsi tulivyokosa. Na kwa kuwa wasomaji wetu wengi wana ndugu Ulaya au Marekani wanaotuma dawa katika mizigo, twaona yafaa tueleze jambo hili kwa mapana.

Dawa yenyewe jina lake ni bupropioni. Iliyo ya kuacha tumbako huuzwa zaidi kwa jina la Zyban. Iliyo ya ugonjwa wa huzuni huitwa Wellbutrin. Majina ni mawili, lakini dawa ni moja. Na hapo ndipo mtego wa kwanza, maana mtu aweza kuzimeza zote mbili akidhani ni dawa mbalimbali, kumbe anajizidishia kipimo.

Ilitengenezwa mwaka wa 1969 na Nariman Mehta, mtaalamu wa kampuni iitwayo Burroughs Wellcome, huko Marekani. Haikukusudiwa kwa tumbako hata kidogo. Ilikuwa dawa ya huzuni. Si huzuni ya siku moja kama ile ya mtu aliyefiwa au aliyeanguka katika mtihani, bali ule ugonjwa umwondoleao mtu hamu ya chakula, usingizi, kazi na hata watoto wake mwenyewe, kwa majuma na miezi. Serikali ya Marekani iliikubali mwaka wa 1985. Haukupita muda, mwaka wa 1986 ikaondolewa madukani. Kwa nini? Kwa sababu wagonjwa wengine, hasa wenye ugonjwa wa kula kupita kiasi kisha kujitapisha, walipoimeza walianguka kifafa. Waganga wakachunguza, wakaona kwamba hatari hii hufuata kipimo. Kwa mtu anayepata miligramu 300 kwa siku, yapata mtu 1 katika 1000 huanguka kifafa. Kwa miligramu 450, wapata 4 katika 1000. Na zaidi ya hapo hatari hupanda ghafula, wala si polepole. Mwaka wa 1989 dawa ikarudishwa, na mpaka ukawekwa: kwa ugonjwa wa huzuni, huko Marekani, isipite miligramu 450 kwa siku. Kwa tumbako mpaka ni miligramu 300.

Na tumbako iliingiaje? Waganga waliona kwamba baadhi ya wagonjwa wa huzuni waliopewa dawa hii walipoteza hamu ya sigara. Ndipo majaribio yakaanza. Katika jaribio moja lililotangazwa mwaka wa 1997 walishiriki wavutaji 615, ambao hawakuwa na ugonjwa wa huzuni wakati huo. Wengine walipewa vidonge vya bure visivyo na dawa, wengine dawa kwa vipimo mbalimbali, bila wao kujua nani ana nini. Baada ya majuma 7, katika kila watu 100 waliopewa kidonge cha bure, 19 walikuwa wameacha. Katika 100 waliopewa miligramu 300, walikuwa 44. Baada ya mwaka mzima hesabu ilishuka: 12 kwa 23. Mwaka huohuo serikali ya Marekani ikaikubali kuwa dawa ya kuacha tumbako.

Tutazame vema hesabu hizi, maana watu hupenda kusikia nusu yake tu. Dawa karibu iliongeza mara mbili idadi ya walioacha. Lakini katika waliopewa dawa, watu 77 kwa 100 walikuwa wanavuta tena mwaka ulipokwisha. Basi si hirizi. Mtu akimwambia msomaji wetu kwamba kidonge hiki humtapisha mtu tumbako yote asiionje tena, amwulize amesoma wapi.

Inavyofanya kazi, twaweza kueleza kwa maneno machache. Moshi ukivutwa, nikotini yake hufika ubongoni kwa sekunde chache tu, nayo hufungulia mle ubongoni maji ya furaha, yaitwayo dopamini. Ubongo huzoea, na usipopewa hudai: mtu huwa mkali nyumbani, hana subira na wanafunzi, hapati usingizi, ana huzuni. Bupropioni huzuia dopamini na mwenzake noradrenalini zisinyonywe upesi, kwa hiyo upungufu hausikiki sana; tena huziba kidogo milango ile ambayo nikotini huingilia. Ndiyo sababu mtu haanzi dawa siku ile anapoacha sigara. Huanza yapata juma moja au mawili mbele, naye bado avuta, ili dawa ipate kukaa mwilini. Kisha siku aliyoiweka ikifika hutupa paketi.

Mwenzetu alipenda sana habari hii ya kuendelea kuvuta juma zima kwa ruhusa ya karatasi. Alicheka, nasi tukacheka naye.

Kipimo cha kawaida ni hiki: kidonge 1 cha miligramu 150 asubuhi kwa siku za kwanza, 3 au 6 kadiri ya maagizo ya nchi, kisha vidonge 2 kwa siku, na kati ya kimoja na kingine zipite saa 8 kamili au zaidi. Cha pili kisiliwe karibu na kulala, kwa kuwa dawa hii hufukuza usingizi. Hilo, pamoja na kukauka kinywa na kuumwa kichwa, ndilo lalamiko la watu wengi. Dawa huendelea majuma 7 hata 12. Ikiwa majuma 7 yamepita na mtu hajapiga hatua yoyote, maagizo ya Ulaya yasema aiache.

Kidonge humezwa kizima. Hapa twaomba akina mama wasikilize, maana desturi ya kuponda kidonge kwa kijiko na kukichanganya na uji twaijua sisi sote. Vidonge hivi vimetengenezwa vitoe dawa polepole, saa baada ya saa. Ukikiponda au kukitafuna, dawa yote humwagika mwilini kwa mara moja, na kifafa chaweza kuja. Vivyo hivyo aliyesahau kidonge cha asubuhi asimeze viwili jioni kulipa deni. Hapa deni halilipwi, lasamehewa.

Tukafika penye orodha ya wale wasioruhusiwa kabisa. Wa kwanza ni mwenye kifafa, au aliyewahi kukipata. Mwenzetu akasema upesi: «Mimi sina.» Kweli hana. Lakini shemeji yake anacho, naye pia avuta. Na vidonge vile viwili viwili vilikuwa tayari vimeahidiwa kwake! Tulipolisikia neno hilo tuliiweka karatasi mezani. Katika nchi yetu kifafa si ugonjwa wa mbali: katika sehemu zenye upofu wa mto, kama Ituri na Uele, kimeshika watu wengi kuliko kwingine, na kila mmoja wetu amemwona mtu mwenye kovu la moto kwa kuangukia jikoni. Kumpa mtu kama huyo kidonge hiki kwa wema wa moyo ni kumsukuma motoni kwa mkono wa ndugu.

Wengine wasioruhusiwa ni wenye ugonjwa wa kujitapisha au kujinyima chakula hata kukonda. Wenye uvimbe ndani ya ubongo. Wanaotumia au walioacha chini ya siku 14 dawa fulani za zamani za huzuni. Na wale wanaoacha ghafula pombe au dawa za usingizi walizozizoea. Hili la pombe yafaa kulitazama. Mtu wa kanyanga kila jioni huamka siku moja akaapa: tumbako na pombe, zote basi, leo hii. Twausifu moyo wake. Lakini mnywaji mkubwa akikatiza pombe kwa siku moja, mwili wake waweza kumtia kifafa hata bila dawa yoyote. Akiongeza bupropioni, hatari imekuwa mbili. Na aanze kwa mganga.

Kisha karatasi yataja wale wanaohitaji mganga apime kwanza: aliyewahi kuumia kichwa vibaya, mwenye kisukari anayetumia dawa, mwenye ugonjwa wa ini au figo. Na yataja dawa ambazo zikikutana na bupropioni huongeza hatari ya kifafa: tramadoli, ambayo vijana wengi huinunua kama peremende, dawa za kundi la siprofloksasini, baadhi ya dawa za mafua zinazoleta usingizi, na, tulisoma mara mbili tupate kuhakikisha, dawa za malaria. Ulaya mtu aweza kumaliza majuma 12 bila kukutana na malaria. Hapa kwetu, je? Mdogo wa mwenzetu hakuwa na haja ya kuliwaza hilo. Mganga wake naye hakuwaza, kwa maana hakuwa anamwandikia mtu wa Kivu. Tuongeze kwamba wanaotumia dawa za kupunguza UKIMWI wamwambie mganga, kwani baadhi yake, kama efavirenzi na ritonaviri, huidhoofisha bupropioni.

Wakati huo mwenzetu alikuwa kimya. Tulimwuliza: «Ulipoanguka na pikipiki mwaka juzi, hukuzimia?»

«Nilizimia,» akasema. «Walinichukua hospitali, niliamka kesho yake.»

Hapo tukakubaliana kwamba kesho hataanza chochote, ila ataenda kumwona mganga na kisanduku chake. Tukamsindikiza.

Mganga alikuwa kijana, na baridi katika maneno yake, lakini aliuliza maswali mengi kuliko tulivyotazamia. Aliuliza juu ya pikipiki, juu ya malaria (mara 3 mwaka ule), juu ya bia, juu ya usingizi. Akapima damu inavyosukumwa, kwa kuwa dawa hii yaweza kuipandisha, hasa ikitumiwa pamoja na plasta za nikotini. Akauliza pia kama amewahi kufikiri kujiua. Mwenzetu alishangaa kuulizwa, na sisi pia. Mganga akaeleza kwamba dawa za huzuni, hasa kwa vijana walio chini ya miaka 25 na hasa majuma ya kwanza, zaweza kuamsha mawazo hayo. Wala bupropioni haikukubaliwa kwa watoto wa chini ya miaka 18. Kuhusu wavutaji, mwaka 2009 Marekani iliweka onyo kali juu ya jambo hilo, kisha ikaliondoa mwaka 2016, baada ya jaribio la watu zaidi ya 8000 kuonyesha kwamba hofu ilikuwa imezidi ukweli. Hata hivyo, akasema, mtu wa nyumbani apewe kazi ya kutazama: mtumiaji akigeuka, akawa na wasiwasi usio wake, akaona visivyoonekana, akanena habari za kufa, aiache dawa na aletwe siku hiyohiyo. Ni vivyo hivyo akipata vipele na kuvimba uso, au akianguka kifafa.

Mwisho akasema hapana. Si kwamba dawa ni mbaya; Shirika la Afya la Dunia liliiingiza mwaka 2021 katika orodha ya dawa za lazima. Lakini kichwa kilichoumia, na malaria mara 3 kwa mwaka, kwa mtu huyu vilitosha kumkataza. Akamwuliza kama ndugu yake aweza kumpelekea plasta au ubani wa nikotini, akamwandikia kipimo chake, akampa siku ya kurudi kila majuma 2.

Mwenzetu alitoka akiwa amekasirika kidogo. Njiani alituambia kwamba tungeacha kusoma karatasi ile angekuwa amekwisha anza. Hatukumjibu.

Hiyo ni miezi 7 iliyopita. Ameanguka mara 2: mara moja katika matanga ya baba yake mdogo, mara ya pili siku mishahara ilipochelewa. Sasa ni juma la 11 hajavuta. Shemeji yake bado avuta, naye angali akimeza dawa zake za kifafa kila jioni. Kile kisanduku kilibaki hospitali. Mwuguzi alivihesabu vidonge mbele yetu, 38, akaviandika katika kitabu chake cha dawa za kuharibiwa.