Ubuyu, Kitambi na Sukari ya Damu

Mtu wa Masumbwe, mkoani Geita, akiambiwa sukari yake imepanda, hakosi jirani wa kumwelekeza kwenye ubuyu. Ushauri huo si wa kubezwa, ila unachanganya mambo mawili.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford Brookes, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio ambamo watu wenye afya walikula mkate mweupe wakishushia maji yenye gramu 18.5 au 37 za ubuyu. Sukari ya damu ilipanda kidogo kuliko walipokunywa maji matupu. Inaelekea wanga ulimeng'enywa polepole. Hilo ni jambo la mlo mmoja.

Usugu wa insulini ni jambo la miaka. Insulini hutoka kwenye kongosho kwenda kuibishia hodi misuli na ini, vipokee sukari. Mafuta ya tumbo yakizidi, mengine hujazana ndani ya ini na misuli, hodi ikawa haisikiki. Kongosho huzidi kubisha, likizalisha insulini nyingi zaidi, mpaka lichoke. Hapo ndipo kipimo kinapoanza kuonyesha sukari. Ubuyu umepunguza mzigo wa sahani moja, mafuta yako palepale.

Misuli inayofanya kazi huchukua sukari hata insulini ikiwa haba. Kwa hiyo mchimbaji aliyezoea kubeba mifuko ya mawe kutoka kwenye duara, yaani shimo la mgodi, akipata hela akafungua duka na kushinda amekaa, chipsi mayai na soda zikiwa jirani, amepoteza kinga kubwa bila kujua. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwahusu watu waliokaribia kupata kisukari. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metformini, asilimia 31. Kwa mwenye kilo 90, asilimia 7 ya uzito ni kilo sita na ushei tu.

Na ule ubuyu mwekundu uliopakwa sukari? Hiyo ni peremende.

Unga mkavu wa ubuyu katika uji usio na sukari ni chakula kizuri, tia. Ila usiache dawa ulizoandikiwa. Kiuno kikifika sentimita 94 kwa mwanaume au 80 kwa mwanamke, nenda kapime sukari asubuhi kabla hujala: 7.0 mmol/L au zaidi, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili, ni kisukari.