Ni Nani Waliojenga Miji ya Kale ya Pwani?

Mtu akifika Kilwa Kisiwani na kuuona Msikiti Mkuu, matao yake na kuba zake, huuliza: Je, ni nani waliojenga mji huu? Watu wa Kilwa walikuwa na jibu lao, nalo liliandikwa katika tarehe yao ya zamani, kwamba alikuja mfalme kutoka Shirazi pamoja na wanawe sita, katika merikebu saba.

Wataalamu wa kwanza walilikubali jibu hilo kwa namna yao. Bwana James Kirkman alianza kuchimba Gedi, katika Kenya, mwaka 1948, na Bwana Neville Chittick alichimba Kilwa katika miaka ya 1960. Walifanya kazi kwa uangalifu sana, lakini wote wawili waliona kwamba ustaarabu ule uliletwa na wageni kutoka ng'ambo. Sababu yake yafaa kujulikana. Vigae vya vyombo vya Uchina na Uajemi huweza kutambulikana ni vya karne gani, basi hivyo ndivyo vilivyotazamwa zaidi. Vigae vya vyungu vya kienyeji, ijapokuwa vilikuwa vingi mno, havikuwa na wa kuvisemea. (Hata sisi wa Bariadi tukivikuta shambani twavipiga teke.)

Kisha, kati ya 1980 na 1988, Bwana Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate. Chini ya msikiti wa mawe alikuta mabaki ya misikiti midogo, mmoja chini ya mwingine, na ule wa chini kabisa, wa karne ya 8, ulikuwa wa miti. Mji, basi, haukushushwa merikebuni umekwisha kujengwa. Ulikuwa kijiji, ukakua. Na vyungu vya zama zile vina mapambo ya pembetatu, yaliyochorwa udongo ukiwa mbichi. Mtanzania mwenzetu, Profesa Felix Chami, alivichunguza sana, na vya namna hiyo vimeonekana hata Dakawa, karibu na Morogoro, mbali na bahari.

Je, wazee wa Kilwa walisema uongo? La. Mwaka 2023 ulitangazwa uchunguzi wa chembe za urithi katika mifupa ya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani. Wengi walikuwa na asili mbili: upande wa mama Afrika, na upande wa baba Asia, hasa Uajemi. Kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Lakini wakati huo ule msikiti wa miti wa Shanga ulikuwa umekwisha kujengwa miaka mia mbili nyuma.