Sarafu ya Shaba Ilitengenezwa Mji Gani?

Tangu kifo cha Alexander Mkuu mwaka 323 KK hadi Roma ilipoitwaa Misri mwaka 30 KK, watu wa kawaida katika nchi za Kihelenisti, yaani zilizofuata utamaduni wa Kigiriki, walinunua mahitaji yao ya kila siku kwa sarafu za shaba. Sarafu za fedha zilisafiri mbali, kwani uzito wake ulikubalika hata ugenini. Thamani ya shaba ilitegemea amri ya mamlaka iliyoitoa, hivyo nyingi zilizunguka karibu na kwao. Ndiyo maana kuujua mji zilikotengenezwa ni kulijua soko la wananchi wenyewe.

Kwanza husomwa maandishi. Ephesos, kwa mfano, ilitosheka na herufi E na Φ kando ya nyuki. Picha peke yake hupotosha. Chini ya Mithridates VI, mfalme wa Ponto, miji kadhaa ilitoa sarafu za sura moja: huku kichwa cha Gorgona, zimwi la ngano za Kigiriki, katikati ya ngao ya ngozi, huku Nike, mungu wa ushindi, na tawi la mtende begani. Ukisoma ΑΜΙΣΟΥ, ni ya Amisos. Ukisoma ΣΙΝΩΠΗΣ, ni ya Sinope. Herufi zikisagika, miji hiyo haitofautishiki kirahisi.

Kazi huwa ngumu zaidi pale sarafu inapomtaja mfalme bila kutaja mji. Hapo hutafutwa alama ndogo. Kwenye baadhi ya sarafu za akina Ptolemaios, wafalme wa Misri, mbele ya tai kuna rungu: ni alama ya mji wa Tiro, ambako mungu Melqart alilinganishwa na Herakles, mwenye rungu. Tena, sarafu mbili zilizogongwa kwa muhuri mmoja kwa kawaida ni za karakana moja, hata kama alama zake zinatofautiana.

Lakini shahidi mkubwa ni ardhi. Huko Ai Khanoum, Afghanistan, wanaakiolojia Wafaransa walifukua vipande vya shaba ambavyo bado havijagongwa muhuri, ushahidi kwamba sarafu zilitengenezwa palepale. Vipande hivyo vingeuzwa kimyakimya mjini, vingekuwa vyuma visivyo na maana. Kila sarafu inayochimbwa kwa wizi hupoteza ushahidi wa namna hiyo, na hakuna maabara inayoweza kuurudisha. Kwa hiyo anayeiona sarafu ardhini aiache ilipo, na awaite wahusika wa mambo ya kale waandike mahali, kina na vilivyo jirani nayo.