Anayejifunza kutengeneza michezo ya kompyuta asome kwanza masharti ya injini

MTU anayefungua kwa mara ya kwanza injini ya kutengenezea michezo ya kompyuta hukuta vitufe vingi kiasi cha kudhani kwamba kazi kubwa ni kuvikariri. Yaliyotokea mwaka 2023 yalidhihirisha kwamba lipo jambo la kutazamwa mapema zaidi, nalo ni masharti ya matumizi.

Injini ya mchezo ni programu inayofanya kazi ambazo karibu kila mchezo unazihitaji: kuchora picha kwenye skrini, kutoa sauti, kupokea amri za mchezaji na kutambua vitu viwili vinapogongana. Mtengenezaji hubakiwa na jukumu la kutunga kanuni za mchezo wake.

Septemba 2023, kampuni ya Unity ya Marekani, ambayo injini yake ilianza kutolewa mwaka 2005, ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 michezo itakayovuka kiwango fulani cha mapato na idadi ya usakinishaji ingetozwa ada kila inapowekwa kwenye kifaa kipya.

Watengenezaji waliokuwa wametumia miaka kadhaa kuizoea injini hiyo walilalamika. Kampuni ililegeza masharti mwezi huo huo, na Septemba 2024 ikatangaza kuifuta ada hiyo.

Kufikia wakati huo, baadhi yao walikuwa wamehamia Godot, injini iliyoanzishwa na Juan Linietsky na Ariel Manzur wa Argentina na kutolewa kama programu huria mwaka 2014. Leseni yake humruhusu yeyote kuitumia, kuibadili na kuuza mchezo wake bila kuilipia. Unreal, ya kampuni ya Epic Games, kwa kawaida hutoza asilimia 5 ya mapato ya mchezo yanayozidi dola milioni 1 za Marekani.

Hata hivyo, anayehama injini hapotezi yote aliyojifunza. Mfano ni suala la mwendo. Mchezo huchora picha mpya mara nyingi kwa sekunde. Anayeanza akiamuru mhusika asogee nukta 5 kwa kila picha, kompyuta inayochora picha 60 kwa sekunde itamsogeza nukta 300, ilhali ile inayochora 30 itamsogeza 150 tu.

Dawa yake ni kuzidisha kasi kwa muda uliopita tangu picha iliyotangulia. Kanuni hiyo ni ile ile katika injini zote tatu.

Kwa sababu hiyo, mchezo wa kwanza unafaa uwe mdogo: mhusika mmoja, skrini moja, na maadui wa kukwepa. Mchezo huo ukikamilishwa hadi rafiki aweze kuucheza kwenye kompyuta yake, utamfundisha mtengenezaji hatua zote za kazi. Siku masharti yakibadilika, ataacha vitufe. Kanuni ataondoka nazo.