Kosa Lililoonekana na Watu Wote

Miongoni mwa michezo ya karata, poka ndio unaomuumbua mtu upesi. Mchezaji huficha karata zake na kuweka fedha mezani, akiwatishia wenziwe kwamba anazo kubwa. Wakitishika, hutupa zao naye huchukua fedha zote. Wasipotishika, karata hufunuliwa, na hila yake huonekana na kila aliyeketi pale.

Kosa la namna hiyo lina hasara mbili. Ya kwanza ni fedha, nazo zimekwisha kwenda. Ya pili ni aibu, ambayo humsukuma mtu kutaka kulipiza katika duru ifuatayo, akiweka fedha nyingi zaidi juu ya karata dhaifu zaidi. Hasira hasara, na wajuzi wa poka humngojea mtu wa hali hiyo.

Mchezaji hodari hunyamaza. Hamlaumu mgawa karata, wala hajitetei. Huzitupa karata mbovu kwa duru kadhaa, akikumbuka kwamba wenziwe sasa wanamdhania mwongo. Kuwatishia tena papo hapo ni kazi bure. Lakini apatapo karata nzuri kwelikweli, huweka fedha nyingi bila kusita. Nao, wakidhani ni hila ile ile, humfuata. Hivyo kosa lililomwaibisha ndilo linalomrudishia mali yake.

Mwaka 1982, katika mashindano ya dunia ya poka mjini Las Vegas, Marekani, Jack Straus alisukuma mbele vibao vyake vyote vya kuchezea, akashindwa. Alipotaka kuondoka, yasimuliwa, aliona kibao kimoja cha dola 500 kimesalia mezani. Kwa kuwa hakuwa ametamka kwamba anaweka vyote, aliruhusiwa kuendelea. Miongoni mwa wachezaji 104, yeye ndiye aliyeshinda, akapata dola 520,000. Bahati ilimsaidia, lakini bahati haimfikii aliyekwisha ondoka mezani.

Hatumhimizi askari kucheza kamari. Lakini yeye naye hukosea mbele ya macho ya watu. Akipotea hatua gwarideni, hurejea hatua ya wenziwe huku akienda. Akisimama kujisahihisha, huvuruga safu nzima. Na kiongozi ambaye amri yake imeshindwa mbele ya vijana wake asitoe amri ya pili kwa ajili ya kuficha aibu ya kwanza. Mezani zinapotea fedha, nazo hulipika. Kazini zinapotea roho za watu.