Jiko la Mkaa Lilale Nje

Mwezi huu nimeulizwa swali hilo hilo mara tano. Mara ya mwisho ilikuwa kwa simu, na mwulizaji ni mwalimu wa sekondari anayewapandisha wanafunzi wake Morningside, kwenye milima ya Uluguru juu ya mji wa Morogoro, wiki ijayo. "Shikamoo mwalimu. Lile hema kubwa la msonge tumeshalipata. Tundu la juu tulielekeze upande gani ili jiko la mkaa lipumue vizuri usiku?"

Nikamwitikia marahaba, kisha nikamwambia hakuna upande. Jiko la mkaa haliingii ndani ya hema, liwe la msonge au la aina nyingine yoyote, mlango uwe wazi au umefungwa. Akanyamaza kidogo, halafu akasema wanaloniambia wote: "Lakini mwalimu, hema hili si lilibuniwa kwa ajili ya moto?"

Hapo ndipo tatizo lilipo. Watu wameona picha za wenyeji wa nyanda za Marekani Kaskazini, Walakota na majirani zao, ambao ndio waliotupa neno tipi. Wameona nguzo zimekutana juu na moshi unatoka kileleni, wakahitimisha kuwa umbo la msonge lenyewe ndilo linalotoa moshi. Tipi halisi ni mtambo wa hewa. Kifuniko cha nje, zamani ngozi za nyati wa huko na baadaye turubai, kiliachwa wazi kidogo kule chini. Ndani kulikuwa na pazia la pili lililofungwa kwenye nguzo. Hewa baridi iliingia chini ya kifuniko, ikapanda nyuma ya pazia, ikatoka juu pamoja na moshi. Kileleni kulikuwa na masikio mawili ya kifuniko, kila moja na mti wake mrefu, na mwenye hema aliyageuza kila upepo ulipogeuka. Moto wenyewe ulikuwa wa kuni, na ulikuwa na mtu wa kuuangalia.

Sasa litazame hema tunalokodisha na kununua hapa. Lina nguzo moja katikati, turubai la pamba, na sakafu ya plastiki inayofungwa kwa zipu na ukuta mzunguko mzima. Dirisha la chini likifungwa, hakuna pa kuingilia hewa. Juu kuna vijitundu vya ukubwa wa kiganja, vyenye neti, chini ya kofia ya turubai. Kazi ya vijitundu hivyo ni kutoa mvuke wa pumzi za watu waliolala, maana watu wanane huweza kutoa maji mengi kwa usiku mmoja kwa kupumua tu. Tundu la juu lisilo na njia ya hewa kule chini halivuti kitu, kama vile huwezi kumwaga mafuta vizuri kutoka kwenye dumu lenye tundu moja. Hata Henry Hopkins Sibley, ofisa wa jeshi la Marekani aliyeiona tipi na kusajili hema lake la nguzo moja mwaka 1856, hakutegemea tundu pekee. Hema lake lilitumiwa na jiko la chuma lenye bomba la kupeleka moshi nje.

Wengine hunitajia nyumba ya msonge ya bibi. Bibi alilala na moto na hakufa. Ni kweli, lakini paa lake lilikuwa la nyasi, na nyasi hupitisha moshi kutoka ukingoni hadi kileleni. Mafiga matatu, kuni, na moshi unaowasha macho. (Siusifii moshi ule, umewaharibu bibi zetu mapafu na macho.) Ila ulikuwa na faida moja kubwa: ulikuwa unasema. Moto ukienda vibaya mtu alikohoa, akaamka, akafungua mlango. Mkaa umeondoa kikohozi na kutuachia sumu.

Na sumu yenyewe watu hawaielewi kabisa, ndiyo maana nitakaa hapa zaidi kuliko penginepo. Kila ninayemkanya hunijibu: "Tunauacha mkaa ukolee kwanza nje, mpaka moshi uishe, ndipo tunaliingiza jiko." Wanaamini sumu ni moshi. Moshi ni vumbi na lami ya kitu ambacho hakijaungua vizuri, unaonekana na unanuka. Kaboni monoksidi haionekani, hainuki, haiwashi koo. Na inazalishwa hasa pale mkaa unapokuwa mwekundu, umetulia, hauna mwali. Hewa inaingia chini ya jiko, inakutana na kaa la chini na kuwa hewa ukaa ya kawaida. Hewa ukaa hiyo inapopanda katikati ya makaa mengine mekundu, kaboni ya makaa hayo inainyang'anya sehemu ya oksijeni yake, na kinachotoka juu ni kaboni monoksidi. Penye mwali mkubwa juu, gesi hiyo ingeungua. Kwenye jiko lililokolea, lililotulia, ambalo mtu analiona salama, inatoka nzima nzima. Ukifunika makaa kwa majivu ili "yafike asubuhi", umeuongezea usiku saa za kuitengeneza.

Tupige hesabu. Hema la upana wa mita 5 na nguzo ya mita 3 lina ujazo wa karibu mita 20 za ujazo. Kilo moja ya mkaa hutoa takriban gramu 200 za gesi hii. Chukua gramu 100 tu za mkaa, vipande vichache vinavyoenea kwenye viganja vya mtoto: hutoa gramu 20. Zigawe kwa ujazo wa hema lililofungwa, unapata gramu 1 kwa kila mita ya ujazo, yaani zaidi ya sehemu 800 kwa milioni za hewa. Katika kiwango hicho kichwa huanza kugonga na kichefuchefu huja ndani ya saa moja, na katika saa mbili mtu anaweza kuzimia. Jiko dogo likijazwa hubeba mkaa mara kadhaa ya huo. Kweli hema huvuja hewa kidogo, na mimi sitaki maisha ya wanafunzi wa mtu yategemee kidogo hicho.

Halafu kuna beseni la maji. Hili ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu linawapa watu ujasiri. "Tunaweka beseni la maji pembeni ya jiko, yanafyonza gesi." Nimelisikia kwa walimu, kwa viongozi wa vijana wa kanisa, hata kwa watu waliosoma sayansi chuoni. Kaboni monoksidi haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi chochote cha maana. Lita moja ya maji, hata ikizungukwa na gesi hii tupu bila hewa nyingine, hubeba miligramu 30 hivi na kukoma hapo. Zile gramu 20 za hesabu yetu ni miligramu 20,000. Na katika hewa ya hema, ambamo gesi ni chini ya sehemu moja katika elfu, beseni la lita 10 litafyonza chini ya miligramu moja. Kitunguu kilichokatwa, ambacho wengine hukiweka badala ya maji, hakifanyi hata hicho. Maji yale asubuhi yana utando wa majivu juu, na watu wanauonyesha kama ushahidi kuwa sumu imeingia. Ni majivu.

Miaka kadhaa iliyopita, kwenye kambi moja juu ya Morogoro, nilifungua zipu ya hema alfajiri nikakuta vijana wawili wanatapika na wa tatu ameketi akinitazama bila kunielewa. Mvua ilikuwa imenyesha tangu saa mbili usiku. Wenzao walishakata shauri kuwa ni maharage ya jana. Jiko lilikuwa katikati, karibu na nguzo, limefunikwa majivu, na kando yake beseni la maji limejaa. Vijitundu vya juu vilikuwa vimefungwa kwa mfuko wa plastiki ili mvua isidondoke. Walipona wote, kwa kuwa mmoja wao alikuwa ametoka kujisaidia saa kumi na akauacha mlango nusu wazi. Toka siku hiyo sina uvumilivu na swali hili.

Ile mvua haikuwa jambo dogo. Turubai la pamba likiwa kavu hupumua kidogo. Likilowa, nyuzi hufura na kuziba matundu ya ufumaji. Ndivyo linavyozuia maji, na ndivyo pia linavyozuia hewa. Maana yake, usiku wa mvua na baridi, ule ambao mtu anatamani jiko, ndio usiku ambao hema limebana kuliko siku zote. Na milima ya Uluguru, hasa upande wa mashariki unaopokea pepo za bahari, haina uhaba wa usiku kama huo.

Wanaoniambia mgonjwa wa gesi hii apewe maziwa nao nawaomba waache. Maziwa huenda tumboni, na gesi hii imeshika damu, tena imeishika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kutapika, ulegevu: watu wawili au zaidi wa hema moja wakiwa navyo, usifikirie malaria wala chakula kwanza. Watoe nje wote, hata wanaosema wako sawa. Anayepumua lakini hajitambui alazwe ubavu. Asiyepumua asaidiwe kupumua. Kisha wateremshwe hospitali wapewe oksijeni, kwa sababu kwa hewa ya kawaida damu huchukua saa nne au tano kupunguza gesi hiyo kwa nusu tu, na mtu anaweza kuonekana mzima huku bado yuko hatarini.

Basi, joto litoke wapi? Mji wa Morogoro uko kama mita 500 juu ya bahari, Morningside kama 1,300. Hiyo ni tofauti ya nyuzi 5 hivi. Ni baridi ya sweta. Baridi kubwa hutoka ardhini, kwa hiyo tandika chini mara mbili ya unavyojifunika: mkeka, magodoro membamba, blanketi juu yake. Nguo za kulalia ziwe kavu, zile za kupandia zibaki mlangoni. Kofia kichwani. Kuleni vizuri kabla ya kulala. Chemsha maji nje, yatie kwenye chupa ngumu isiyovuja, ivishe soksi, uweke miguuni. Itafika usiku wa manane na zaidi. Kupika kuwe chini ya turubai lililo wazi pande zote, hatua kumi kutoka kwenye hema, upande ambao upepo hauleti cheche. Jiko la chuma la kuni lenye bomba linaruhusiwa tu kwenye hema lenye tundu la bomba lililozungushiwa kitambaa kisichoshika moto, njia ya hewa chini ikiwa wazi, na moto uzimwe kabla ya watu kulala. Ambaye hana hema hilo asitoboe lake.

Na hema lenyewe, kwa haraka. Hema la turubai la upana wa mita 5 lina uzito wa kilo 30 na zaidi, kwa hiyo lifike Morningside kwa gari. Kwenda juu zaidi, kilele cha Lupanga au uwanda wa Lukwangule, beba mahema madogo. Lifanyeni mazoezi uwanjani shuleni mara mbili kabla ya safari. Chagua tambarare juu ya korongo, kamwe si ndani yake, na usikae chini ya tawi kavu wala chini ya ukingo wa udongo uliokatwa. Tandaza sakafu, funga mlango kabla ya kupiga vigingi, la sivyo zipu haitafunga tena. Anza na kigingi cha mlangoni na cha mkabala wake, kisha zunguka ukipishanisha pande. Kichwa cha kigingi kilale kuelekea mbali na hema, nyuzi 45, kwa nyundo ya mti. Udongo mwekundu uliolowa hauvishiki vigingi vifupi. Tafuta vya sentimita 30. Ndipo mtu mmoja aingie na nguzo aisimamishe, na nje wavute kamba mpaka mishono inyooke. Mlango uupe mgongo upepo wa mvua. Kamba za pamba au katani hukaza zikilowa, zilegeze kidogo kabla ya mvua; za nailoni hulegea, zikaze. Vijitundu vya juu na dirisha moja la chini viwe wazi usiku kucha, hata mkinyeshewa.

Turubai jipya la pamba lilowesheni na kulikausha kabla ya safari, nyuzi zikutane. Mkirudi, lianikeni siku hiyo hiyo hadi likauke kabisa, pamoja na kamba, maana kwa unyevu wa Morogoro koga huanza ndani ya siku mbili.